Pembetatu, mstatili au sakiti ya kazi moja: fotoni zako uzichoree ipi

Madogo wengi wanaosoma mambo ya kwantamu huku Arusha, wa pale chuo cha Nelson Mandela Tengeru na wale wanaojisomea wenyewe geto Sakina na laptopu ya kuazima, wakinipigia swali linakuwa lilelile: shikamoo kaka, nataka kuchora sakiti ya fotoni, zile chembe za mwanga, iwe ndogo kadiri inavyowezekana, nichukue muundo gani? Marahaba, ila kabla sijajibu na mimi nauliza, unataka kupunguza nini hasa, idadi ya splita, urefu wa njia, au idadi ya fotoni unazopoteza? Maana hivi vitatu haviendi pamoja, ukibana kimoja kingine kinafura, na watu wengi wanahesabu splita tu wanaona wamemaliza kazi.

Kwa hiyo hapa naiweka miundo kadhaa ubavu kwa ubavu na nasema ipi naichukua. Naongea na mtu ambaye hana maabara ya leza, ana Python na bando, ila anataka mchoro wake ukipelekwa siku moja kwenye chipu ya kweli usimwaibishe.

Sakiti zenyewe kwanza, napita haraka. Ndani kuna vitu viwili tu: splita, inayochanganya mwanga wa njia mbili, na kisogeza fezi, kinachochelewesha mwanga kidogo sana kwenye njia moja. Basi. Fotoni hazigusani wala hazisukumani. Ukipanda kutoka Moshi kwenda Machame au Marangu utaikuta mifongo, ile mifereji ya kumwagilia migomba na kahawa, maji yanateremka na kwenye kila njia panda kuna kizuizi, unafungua kidogo huku unaziba kidogo kule, huyu anapata nusu yule robo. Picha ni hiyohiyo, ila inavunjika sehemu moja na ndo sehemu yenye utamu wote: maji yakikutana yanajumlishwa tu, mwanga ukikutana unaweza kufutana. Mwaka 1987 Hong, Ou na Mandel walionyesha kwamba fotoni mbili zinazofanana kabisa zikiingia kwenye splita ya 50 kwa 50, moja kila upande, zinatoka pamoja mlango mmoja, hazitoki moja moja, kwa sababu ule uwezekano wa zote kupita na ule wa zote kurudishwa unafutana. Mlango wowote wa kwantamu (hatua moja ya hesabu, sio ule wa kutokea) wa fotoni mbili utakaojengwa kwa splita unasimama juu ya jambo hilo, na ndo maana fotoni zako zikiwa hazifanani, hata uchore sakiti nzuri vipi, hakuna kitu.

Pembetatu na mstatili

Hizi mbili ni meshi za jumla, yaani wavu wa splita unaopangika. Ukiwa na njia N, meshi ya jumla unaweza kuipanga ifanye matriksi yunitari yoyote ya N kwa N (jedwali la namba linalosema mwanga wa kila njia unagawanyikaje bila kupotea), leo hii kesho ile, bila kubadilisha chipu. Reck na wenzake walionyesha mwaka 1994 namna ya kuivunja matriksi kubwa vipande vya njia mbilimbili, na vipande vile ukivipanga vinakaa pembetatu. Mwaka 2016 Clements na wenzake wakaja na mpangilio mwingine, vipande ni vilevile ila vimekaa mstatili. Kila kipande ni Mach-Zehnder, naiita MZ tusichoshane: splita mbili za 50 kwa 50, katikati yake kisogeza fezi kinachoamua mwanga kiasi gani uvuke, na kisogeza fezi kingine kwa nje.

Sasa angalia mtego. Idadi ya MZ kwenye zote mbili ni ileile, N mara N kutoa 1, gawa kwa 2. Anayehesabu vipuri peke yake ataona hakuna tofauti. Tofauti iko kwenye safu, yaani fotoni inapita vipande vingapi mpaka itoke. Tuchukue njia 8:

Pembetatu: MZ 28, safu 13. Kuna fotoni inaweza kupita MZ moja tu ikatoka, na kuna nyingine inapita zote 13.

Mstatili: MZ 28, safu 8. Ya pembeni kabisa inapita 4, ya katikati inapita 8.

Tuseme kila MZ inakula desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha upotevu), namba ya mfano tu ili tupige hesabu. Kwenye mstatili njia ndefu inakula 1.6, maana yake karibu asilimia 69 ya fotoni zinafika. Kwenye pembetatu njia ndefu inakula 2.6, zinafika kama 55. Mtu anasema sio mbaya sana, 69 na 55. Sawa, ila hutumi fotoni moja mzee, unatuma nne na unazitaka zote nne zifike kwa pamoja, kwa hiyo unapandisha kwenye nguvu ya 4, mstatili unabaki na asilimia kama 23 na pembetatu 9. Ongeza fotoni uone.

Na hiyo bado sio shida kubwa ya pembetatu. Shida kubwa ni kwamba upotevu wake hauko sawa. Upotevu ukiwa sawa kila njia, fotoni chache zitakazofika zote zitakuwa zimepitia matriksi uliyoitaka, unachopoteza ni muda tu, unasubiri zaidi. Upotevu ukiwa huku 0.2 na kule 2.6, matriksi yenyewe imepinda, zile zilizofika zinakuletea jibu la sakiti nyingine ambayo hukuichora, na ukikaa unasubiri masaa mengi zaidi hairekebishiki. Hapa ndo mstatili unashinda kwa mbali. Hauko sawa asilimia mia, ile ya pembeni bado inapita nusu, ila mpindo ni mdogo sana ukilinganisha.

Pembetatu ina haki yake moja ambayo watu wanaisahau. Ni rahisi kuinyoosha. David Miller alionyesha mwaka 2013 kwamba mpangilio wa aina hiyo unaweza kujipanga wenyewe hatua kwa hatua, unaingiza mwanga, unarekebisha kipande kimoja mpaka ditekta yake, kile kifaa cha kuhisi fotoni, isome sifuri, unahamia kinachofuata, hurudi nyuma. Kwenye mstatili vipande vya ndani vimezungukwa na wenzao pande zote, kujua kila hita (kisogeza fezi kinachofanya kazi kwa joto) imekaa wapi kunataka akili zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia ana njia 4 tu, chipu yake haijulikani imetokaje kiwandani na hana programu nzuri ya kuinyoosha, simcheki akichukua pembetatu. Kuanzia njia 6 kwenda juu mimi siichukui.

Kuubana mstatili zaidi

Kuna njia mbili za kuubana mstatili ambazo mtu anayetaka udogo inabidi azijue, na zinachukua njia tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya Bell na Walmsley, 2021. Wao waligundua kile kisogeza fezi cha nje cha kila MZ hakina haja ya kukaa nje. Ukiweka visogeza viwili ndani ya MZ, kimoja kila mkono, ukavisogeza pamoja unapata fezi ya nje, ukavisogeza kinyume unapata ule mgawanyo. Safu nzima ya hita za nje inaondoka, chipu inafupika, upotevu unapungua na kanuni ya hesabu inabaki ya uhakika kama ya Clements, unaongeza tu marekebisho ya fezi pembeni. Kwangu mimi hii ni ya bure kabisa, sioni sababu ya mtu anayechora chipu mpya leo kuacha kuitumia.

Ya pili ni ya Saygin na wenzake, 2020. Hii inatupa kabisa wazo la MZ. Unaweka safu ya visogeza fezi, halafu kichanganyio kisichobadilika kinachochanganya njia zote, halafu safu nyingine ya visogeza, hivyo hivyo mpaka safu N na moja. Uzuri wake ni kwamba vichanganyio havihitaji kuwa sahihi, hata kiwanda kikikosea kidogo bado unaweza kupanga matriksi yako. Kwenye MZ splita ikitoka 45 kwa 55 badala ya 50 kwa 50 kuna matriksi hutazifikia tena kamwe, kwa sababu MZ yenye splita mbovu haiwezi kufunga kabisa, kila ukijaribu kuziba kunavuja. Ubaya wa hii ya pili ni kwamba hakuna kanuni ya moja kwa moja ya kupata zile fezi, unaacha kompyuta itafute yenyewe kwa kujaribu na kurekebisha, na kwamba inafikia kila matriksi ni jambo lililoonekana kwenye hesabu za kompyuta. Kwenye laptopu njia 6 au 8 inatafuta vizuri tu, njia zikiwa nyingi utakaa, na umeme ukikatika katikati bila kuhifadhi unaanza upya.

Nikilinganisha hizi mbili: kiwanda kizuri, chukua ya Bell na Walmsley. Kiwanda usichokiamini, chukua ya Saygin.

Sakiti ya kazi moja

Sasa hapa ndo nataka tukae, kwa sababu wengi wanaokuja na swali la meshi hawahitaji meshi kabisa. Wanataka CNOT moja, mlango unaogeuza kubiti (biti ya kwantamu) ya pili pale tu ya kwanza ikiwa 1. Kwa CNOT moja meshi ya njia 6 ni MZ 15 na visogeza fezi 30, na ipo chipu ya hivyo kweli, Carolan na wenzake waliionyesha mwaka 2015, ikaweza kupangwa ifanye milango mbalimbali na mambo mengine. Upande wa pili kuna sakiti ya Ralph na wenzake ya mwaka 2002, mwaka huohuo Hofmann na Takeuchi nao walitoa ya kwao ya aina hiyo, ina splita tano tu. Splita tano dhidi ya MZ 15 ambazo ndani yake kuna splita 30.

Ifuate kwa kalamu, haichukui muda. Njia ni sita. Kubiti ya kwanza ina njia mbili, fotoni ikiwa ya juu ni 0, ikiwa ya chini ni 1. Ya pili hivyohivyo. Halafu kuna njia mbili tupu, moja juu kabisa na moja chini kabisa, haziingizwi kitu. Katikati kuna splita tatu ambazo zinarudisha theluthi moja ya mwanga na kupitisha theluthi mbili. Moja iko kati ya njia tupu ya juu na 0 ya kubiti ya kwanza, moja iko kati ya 1 ya kubiti ya kwanza na 0 ya kubiti ya pili, moja iko kati ya 1 ya kubiti ya pili na njia tupu ya chini.

Fotoni zikiwa sehemu ambazo hazikutani, kila moja inabaki njia yake kwa amplitudo (namba ambayo mraba wake ndo uwezekano) ya kipeuo cha pili cha theluthi, zikizidishwa unapata 1/3. Zikikutana kwenye ile splita ya katikati, kuna namna mbili za kumaliza na fotoni moja kila upande: zote zirudishwe, ambayo ni 1/3, au zote zipite, ambayo ni 2/3 ikiwa na alama ya kutoa. 1/3 kutoa 2/3 unapata −1/3. Umeona? Ukubwa ni uleule 1/3 kila mahali, ila hapo tu alama imegeuka. Hiyo ndo CZ yako, mlango unaogeuza alama kwenye hali moja tu kati ya nne. Zile splita mbili zilizobaki ni za 50 kwa 50, unaziweka kwenye kubiti ya pili, moja kabla moja baada, CZ inakuwa CNOT. Theluthi mraba ni 1/9, kwa hiyo mara moja kati ya tisa mlango unafanya kazi, mara nane fotoni zimepotelea njia tupu au zimetoka pamoja kubiti moja.

O'Brien na wenzake waliifanya mezani mwaka 2003, na mwaka 2008 Politi na wenzake wakaiweka kwenye chipu ya silika, yaani kioo. Kwa anayeanza hakuna kitu kizuri zaidi ya hiki, fotoni mbili kwenye njia sita ni hali (namna za kukaa) 21 tu, unaweza kuziandika zote kwenye daftari la kaunta.

Lakini kuna bei imejificha, na mtu asipoambiwa anakuja kulia mbele ya safari. Utajuaje kama umeipata ile moja kati ya tisa? Inabidi uzipige fotoni zote mbili kwenye ditekta, ukiona moja imelia kubiti ya kwanza na moja kubiti ya pili unaihesabu, zingine unatupa. Yaani unachagua baadaye, fotoni zikiwa zimeshakufa. Huwezi kuchukua matokeo ukayaingiza mlango unaofuata kwa uhakika, kwa sababu bado hujui kama mlango wa kwanza ulikubali. Kwa onyesho la mlango mmoja sawa. Kwa kompyuta, hapana.

Milango inayotangaza

Kundi la pili ni milango inayokupa taarifa bila kuziua fotoni zako. Knill, Laflamme na Milburn walifungua njia hii mwaka 2001, na kusema kweli kabla yao wengi hawakuamini kwamba splita, ditekta na fotoni moja moja vinatosha kujenga kompyuta ya kwantamu. Unaongeza fotoni wasaidizi, unazipima hizo tu, zikilia ule mlio unaoutaka unajua mlango umefanya kazi na fotoni zako mbili bado ziko hai. Mlango wao wa CZ ulikuwa unafaulu 1/16. Mwaka 2002 Knill peke yake akaleta mwingine mdogo zaidi, unafaulu 2/27, yaani asilimia 7.4, kwa fotoni wasaidizi wawili.

Weka huu wa Knill kando kwa kando na ile ya Ralph. Njia ni sita na huku ni sita. 1/9 ni asilimia 11, 2/27 ni asilimia 7.4, tofauti sio ya kutisha. Ila huku unahitaji fotoni nne zinazofanana badala ya mbili, na kutengeneza fotoni nne kwa wakati mmoja ndo kazi ngumu kuliko splita zote ulizonazo. Halafu ditekta. Mlango wa Knill unataka kila ditekta ya msaidizi ione fotoni moja, sio mbili. Ditekta inayojua tu "kuna kitu" au "hakuna kitu" itakudanganya, itaona mbili itasema moja, wewe utafurahi kumbe kwenye kubiti zako imebaki fotoni moja. Kwa hiyo udogo wa mchoro usikufumbe macho, gharama imehamia kwenye chanzo na ditekta.

Na hata hii ukiiunga mfululizo inachoka haraka. Milango mitatu ya 2/27 kufaulu yote kwa pamoja ni mara 4 kati ya 10,000 hivi. Ndo maana watu wanaojenga kompyuta kubwa hawaungi milango hivyo, wanatengeneza vikundi vidogo vya fotoni zilizofungamana (ukipima moja, majibu ya wenzake yanaambatana nayo) kisha wanavigandisha kwa milango ya kuunganisha ya Browne na Rudolph, 2005. Ile ya aina ya pili unapima fotoni mbili, moja kutoka kila kikundi, na inafaulu nusu ya muda. Nusu hiyo ni dari kama unatumia splita peke yake bila msaidizi, ukiongeza fotoni wasaidizi unafika robo tatu, Grice alionyesha hivyo mwaka 2011 kwa jozi iliyofungamana, na Ewert na van Loock mwaka 2014 kwa fotoni nne moja moja. Ukishindwa unapoteza kipande tu, hupotezi kazi yote. Kwa mtu anayewaza mbali, udogo wa sakiti unaotakiwa kuupigania ni wa hiki kijimashine cha kutengeneza kikundi kidogo, kwa sababu utakirudia mara nyingi mno, kila splita unayoipunguza hapo inapungua kila mahali.

Njia ya mkato ya fotoni moja

Kuna anayesema, mbona nimeona sakiti ya CNOT inayofaulu kila mara? Ni kweli ipo. Cerf, Adami na Kwiat waliandika mwaka 1998 kwamba ukichukua fotoni moja ukaipa njia nyingi, kubiti zote zikakaa ndani ya fotoni hiyohiyo, milango yote inafaulu asilimia mia, hakuna msaidizi, hakuna kusubiri fotoni zilie pamoja. Kubiti 3 ni njia 8, ile meshi yetu ya MZ 28 inafanya sakiti yoyote ya kubiti tatu bila kukosa. Tamu kweli. Sasa peleka kubiti 10: njia 1,024, MZ 523,776. Kila kubiti unayoongeza njia zinazidishwa kwa mbili. Kwa kufundishia darasani na kwa kuonyesha algorithimu ndogo naipenda na ningeitumia bila aibu, ila usije ukaiandika kwenye propozo kwamba utaikuza.

Kitanzi badala ya chipu

Kama kweli unachotafuta ni vipuri vichache, mshindi hayuko kwenye orodha ya juu kabisa. Ni kitanzi cha faiba. Badala ya njia 8 zilizolala sambamba unatuma mapigo 8 ya mwanga yakifuatana kwenye faiba moja, na splita moja inayobadilika inaingiza pigo kwenye kitanzi likazunguke likutane na mwenzake wa nyuma. Motes na wenzake waliipendekeza mwaka 2014. Borealis, mashine ya kampuni ya Xanadu, mwaka 2022, ilifika mapigo 216 kwa vitanzi vitatu tu, vya kuchelewesha nafasi 1, 6 na 36. Linganisha na mashine ya Jiuzhang ya Uchina ya mwaka 2020, njia 100 kwa vioo na splita za mezani, na ile ilikuwa haibadilishiki.

Ubaya: splita yako inabidi ibadilike kati ya pigo na pigo, hita haiwezi kasi hiyo, na kila mzunguko fotoni inalipa upotevu wa swichi tena. Mapigo yakipishana nanosekunde 100 kitanzi kifupi ni mita 20 hivi za faiba, hiyo faiba yenyewe haina shida, swichi ndo inayokula.

Tukiwa hapohapo kwenye faiba, hebu ona hii. Faiba nzuri ya mawasiliano inapoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, jumla desibeli 16, fotoni mbili na nusu kati ya mia zinafika. Njia ya mwanga ya silikoni kwenye chipu inapoteza karibu desibeli 2 kwa sentimita, kwa hiyo sentimita 8 za silikoni zinakuulia fotoni sawasawa na barabara nzima ya Arusha kwenda Moshi. Ndo maana nasema hesabu urefu kwanza, vipuri baadaye. Silikoni inakunja kona kwa maikromita chache ukabana sana, silikoni naitraidi inataka kona kubwa zaidi ila upotevu wake ni mdogo mno, silika ya zamani inataka kona za milimita. Chipu ya silikoni ndogo haimaanishi bora, inategemea njia yako imefupika kiasi gani kweli.

Mimi nachukua ipi

Unataka kuelewa na kuonyesha mlango mmoja: ya Ralph, splita tano, usiangalie kando. Unataka ripoti inayolinganisha milango: ya Ralph na ya Knill ndani ya mstatili wa njia 6, mlango mmoja baada ya mwingine, ndo matumizi mazuri ya meshi. Unataka kuchora chipu ya jumla: mstatili, na ule ubanaji wa Bell na Walmsley. Kubiti tatu za kufundishia: fotoni moja, njia nane. Pembetatu nimeshasema.

Kwa programu, Perceval ya Quandela na Strawberry Fields ya Xanadu zote ni za bure na zinaingia kwenye Python. Strawberry Fields unaipa matriksi, unachagua pembetatu au mstatili, inakurudishia fezi zote, kwa hiyo kulinganisha ni kubadilisha neno moja. Perceval naipenda zaidi kwa kazi ya fotoni moja moja na milango ya aina hii. Laptopu ya kawaida inatosha, fotoni nne kwenye njia nane ni hali 330. Ukijifanya mjanja ukaweka fotoni 10 kwenye njia 20 zinakuwa hali 20,030,010, hapo utasikia feni.

Kitu kimoja cha kufanya kabla hujaniletea mchoro. Usiishie kuendesha sakiti safi ya Ralph, ile itakupa 1/9 kila muundo na utaniambia zote sawa. Badilisha zile splita za theluthi ziwe 0.30 na 0.36 badala ya 0.333, za 50 ziwe 48 kwa 52, kila MZ iipe upotevu wake, halafu chora jedwali la CNOT (ingizo gani linatoa jibu gani) upya uone zile safu nne zinavyovuja, muundo ambao jedwali lake bado linasomeka ndo uje nao.